Nilivyopanda angani kwa jero kwa saa

Mwenzenu mzima, tatizo macho tu. Wiki hii yamekuwa mekundu mpaka mama kanivuta pembeni na kuninusa mdomo, akidhani nimeanza kuvuta vitu. Sijaanza, mama. Nilikuwa angani. Nimekaa angani usiku tisa, na hivi ninavyoandika sina hata nauli ya bodaboda ya kutoka Malambo mpaka stendi.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Wale wanaonisoma siku zote wanajua kwamba hela ya safu hii haimshibishi mtu, kwa hiyo Jumamosi huwa namsaidia mjomba wangu, fundi dishi hapa Bariadi mjini. Kazi yangu ni kubeba ngazi, kuvuta waya, halafu kukaa sebuleni kwa mteja nikipiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Jumamosi hiyo tulikuwa Somanda, kwa mama mmoja mtu mzima. Mdogo wangu wa kike, aliyeko kidato cha nne, tulikuwa naye kwa sababu mama hakutaka abaki peke yake nyumbani akilia. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yametoka. Fizikia, F. Na binti alikuwa ameshaamua: Novemba, siku ya karatasi ya Fizikia, ataandika namba yake ya mtihani, atalaza kichwa mezani, basi.

Mama alivyosikia hivyo alinitazama mimi. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mimi ndicho nilichofanya. Nilijaza namba, nikalala usingizi mzito mpaka msimamizi akaja kunigonga bega. Sasa mtu kama mimi namwambia nini mdogo wangu?

Basi bwana, mjomba yuko juu ya bati, anaelekeza dishi, binti kasimama chini anatazama. Akauliza, kwa sauti ile ya mtu aliyechoka kudanganywa:

"Mjomba, dunia si inazunguka?"

"Inazunguka, mjomba."

"Na hiyo satelaiti iko juu huko. Sasa mbona dishi ukishalifunga halisogei tena?"

"Satelaiti imesimama."

"Imesimama juu ya nini? Mbona haianguki?"

Mjomba akashika bolti, akaachia bolti. Miaka kumi na mbili anafunga madishi, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaniangalia. Binti naye akaniangalia. Mpaka yule mama mwenye nyumba, aliyekuwa analeta maji ya kunywa, akasimama kusikiliza. Nikazuga natafuta koleo.

Usiku huo sikulala, wasomaji wangu. Nikaenda kwa mshikaji wangu mwenye steshenari, pale anapotoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Nilikumbuka kwamba kwenye kompyuta yake kuna programu aliyoachiwa kwenye flashi na mwanachuo mmoja, inaitwa Orbiter. Ni programu ya kuigiza safari za angani, aliitunga bwana mmoja wa London, Martin Schweiger, akaanza kuigawa bure mwaka 2000. Unapewa chombo chenye mabawa, dunia yenye uzito wake halali, na saa. Humo ndani hakuna majini ya kupiga wala pointi za kukusanya. Ukikosea, sheria za Newton zinakushughulikia kama zinavyowashughulikia Wamarekani.

Bei ya mchana ni buku kwa saa. Nikalia shida, akanipa ya usiku: jero.

Usiku wa kwanza nikafanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Angani si juu? Nikanyanyua pua ya chombo wima, nikakanyaga gesi yote. Kilomita 100, 200, 400! Bluu ikawa nyeusi, nyota zikatokea, nikapiga kofi mezani. Nikazima injini ili nifaidi mandhari. Namba zikapungua kupanda, zikasimama, zikaanza kurudi. Nikafikiri kompyuta ina virusi. Dakika chache baadaye nilikuwa nimejichimbia kaburi baharini karibu na Florida.

Nikarudia mara nne. Mara nne nikaanguka. Mshikaji wangu, ambaye alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi, akaropoka bila hata kuinua kichwa: "Wewe unapanda tu. Kwani embe ukilirusha juu si linarudi?"

Hapo ndipo nilipoamka. Kupanda si shida kabisa. Kilomita 400 ni kama kutoka hapa kwenda Arusha na ukapitiliza kidogo. Kazi ni kwenda pembeni. Rusha jiwe mbele, linaanguka karibu. Rusha kwa nguvu zaidi, linaanguka mbali. Lirushe kwa mwendo wa kilomita 7.7 kwa sekunde, na kila linavyoanguka, dunia nayo kwa sababu ni mviringo inakuwa imejikunja chini yake. Linaanguka maisha yake yote, ardhi hailioni. Kwa mwendo huo, kutoka Bariadi mpaka Dar ni kama dakika moja na nusu, wakati sisi wa basi tunashinda njiani tukila mahindi ya kuchoma.

Kwa hiyo usiku wa pili nikapanda kidogo, nikalaza pua mashariki, nikakanyaga. Nikazima injini nikiwa kilomita 300. Nikasubiri. Namba hazikurudi. Nilikuwa nazunguka dunia! Mwenye F yake! Nilitaka kumpigia mama simu saa saba ya usiku.

Lakini furaha ya maskini haidumu. Chombo kilikuwa kinaimaliza dunia nzima kwa dakika 90, mara kumi na sita kwa siku. Hiyo si satelaiti ya dishi. Hiyo ukitaka kuifuata, mjomba itabidi akae juu ya bati mwaka mzima akizungusha dishi kama feni, na picha aipate dakika chache tu kila inapopita.

Jibu nililipata nikiwa natoka nje kujisaidia, nikauona mwezi. Mwezi nao unaizunguka dunia, uko kilomita kama 384,000, na unatumia siku 27 na ushee. Chombo changu kiko kilomita 300, kinatumia dakika 90. Ukiwa chini unawahi, ukiwa mbali unachelewa. Sasa kama kuna dakika 90 hapa na siku 27 kule, lazima katikati kuna mahali ambapo mzunguko mmoja unatumia siku moja. Na dunia nayo inajizungusha mara moja kwa siku. Ukikaa hapo, juu ya ikweta, ukielekea mashariki, mnakwenda sawasawa, bega kwa bega. Mtu aliye chini anakuona umesimama, wakati wewe unakimbia kilomita tatu kwa sekunde, masaa yote, bila kupumzika. Haijasimama hata kidogo. Ni kama abiria wawili wa mabasi mawili yanayokwenda sambamba, wanatazamana dirishani.

Mahali hapo ni kilomita 35,786 juu ya ikweta. Arthur C. Clarke, yule mtunzi Mwingereza, aliandika habari zake mwaka 1945, watu wakaona ni hadithi. Agosti 1964 Wamarekani wakaiweka Syncom 3 huko, na Oktoba yake mashindano ya Olimpiki ya Tokyo yakarushwa kupitia satelaiti hiyo mpaka Marekani. Hadithi ikawa biashara.

Sasa kufika huko ndiyo kasheshe. Nikiwa kule chini kwenye kilomita 300, natakiwa kuongeza mwendo kilomita 2.4 kwa sekunde, halafu nizime injini na kusubiri. Njia inarefuka kama yai, ncha yake ya juu inagusa kilomita 35,786. Kupanda mpaka kileleni ni masaa matano na robo, injini imezimwa, unapanda kwa nguvu ile ile ya awali, na kila ukipanda unachoka. Ukifika kileleni umebaki na kilomita 1.6 tu kwa sekunde. Hapo unawasha tena, unaongeza nyingine 1.5, ili yai ligeuke duara. Usipowasha, unarudi chini kwa upande wa pili wa yai lile lile.

Mmeona hesabu ya ajabu? Nilikuwa na 7.7. Nikaongeza mwendo mara mbili. Nikaishia na 3. Nilimweleza mshikaji wangu, akasema mambo ya angani yanafanana na mshahara.

Usiku wa tatu, nikiwa njiani kupanda, umeme ukakatika. Paaa! Giza. Nilikuwa sijajua kwamba safari inaweza kuhifadhiwa. Jero mbili zikaenda na maji.

Usiku wa nne umeme ulikuwepo. Programu ina kitufe cha kukimbiza muda, ukikiweka mara elfu moja, masaa matano yanakwisha kwa sekunde kama ishirini. Nikakikimbiza. Simu ikalia, ni mama anauliza niko wapi. Nikasema, "Niko kwa mshikaji, mama." Kugeuka, nimepita kilele, nashuka kama gunia la pamba lililodondoka kwenye lori.

Usiku wa tano ndio ulionitia aibu kuliko yote. Nikafika. Nikawasha kileleni, duara likakamilika, likawa zuri la kupigia picha. Kwenye kioo imeandikwa 35,786. Nikanyoosha mikono juu. Nikafungua ramani kuangalia kama kidoto changu kimesimama. Kidoto kinatembea! Kinakwenda mashariki, taratibu, kama mtu anayemkimbia mdeni wake bila kutaka ajulikane. Kilikuwa juu ya usawa wa Bariadi. Baada ya saa moja na nusu kiko usawa wa Malindi, pwani ya Kenya.

Nilihangaika usiku kucha. Kumbe kosa lilikuwa la kitoto. Kile kioo kilikuwa kinasoma umbali kuanzia katikati ya dunia, na mimi nilikuwa na namba ya kuanzia usawa wa bahari. Kutoka katikati mpaka juu ya ikweta kuna kilomita 6,378. Namba yangu ilitakiwa kuwa 42,164. Nilikuwa chini mno, mzunguko wangu ulitumia masaa 18 na dakika 43, ndiyo maana nilikuwa naiacha dunia nyuma. Kuna kitufe kimoja tu cha kubadilisha usomaji huo. Kimoja! Ningeweza kulia.

Lakini Malindi hapo haikunitokea bure. Nikiwa natazama ramani, niligundua kitu ambacho sikuwahi kufundishwa. Pale baharini karibu na Malindi kuna majukwaa ya San Marco, Waitaliano waliyasimika miaka ya 1960 kwa makubaliano na Kenya, na satelaiti zilirushwa pale kuanzia Aprili 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya wakisherehekea miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale satelaiti ya Wamarekani ya kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru. Jina la Kiswahili, angani, wakati huo mimi hata mama yangu hajazaliwa. Roketi za pale zilikuwa ndogo, hazikufika kwenye obiti ya madishi, lakini walichagua pale kwa sababu ya ikweta. San Marco iko digrii 2 na dakika 56 kusini. Bariadi iko digrii 2 na dakika 48 kusini. Yaani ukisimama hapa mjini kwetu ukatazama mashariki moja kwa moja, ukavuka Serengeti, ukapita mlangoni kwa Kilimanjaro, unatokea karibu kabisa na roketi.

Na faida ya ikweta ni hii. Dunia inajizungusha, na ikweta ndiyo inayokimbia kuliko kwingine, mita 465 kila sekunde. Ukirukia hapo kuelekea mashariki unapewa mwendo huo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye daladala inayotembea. Florida wanapata kama 409. Halafu kuna jambo kubwa zaidi: anayerukia Florida, njia yake inakuwa imepinda digrii 28 na nusu, na obiti ya madishi inataka sifuri. Kunyoosha mpindo huo kunakula mafuta vibaya. Wafaransa hawajakosea kujenga kituo chao Kourou, Amerika ya Kusini, digrii 5 tu kutoka ikweta.

(Kwa wale wanaopenda siasa: Desemba 1976, nchi za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, Kenya na Uganda zikiwemo, zikatangaza kwamba kipande cha obiti hiyo kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Wakubwa wakakataa, mpaka leo. Sisi Tanzania hatukuhusika, ikweta imetupita pembeni. Tumekosa kiwanja kwa kilomita mia moja na ushee.)

Sasa Orbiter, faili lake la safari ni maandishi ya kawaida tu. Unaweza kulifungua na kuandika chombo kianzie wapi. Usiku wa sita nikafuta Florida. Nikaandika digrii 34 mashariki, 2.8 kusini. Nikawasha. Chombo kikatokea kimeegeshwa kwenye majani, Bariadi, Simiyu. Hakuna jengo, hakuna barabara, rangi ya kahawia tu, lakini ni hapa! Mshikaji wangu akaacha mkasi wake. Akavuta kiti.

Kwa usiku wa nane nilimwomba mama ruhusa nimchukue mdogo wangu. Mjomba naye akaja, akasema anataka kuona hiyo satelaiti inayowafanya watu wasilale. Tukakaa wanne mbele ya kioo kimoja. Mpindo wangu sasa ulikuwa digrii 2.8 tu, nikaunyoosha kule juu njia ilipokatiza ikweta, kwa mita 150 za mwendo, mafuta ya kiberiti. Nikahifadhi. Nikasubiri kilele huku nimezima simu. Nikawasha. Mzunguko: masaa 23, dakika 56.

"Kaka, siku si masaa 24?" binti akauliza.

Nikamweleza, maana hilo lilinila usiku wa saba mzima. Masaa 24 ni ya jua kurudi pale pale. Dunia yenyewe inamaliza mzunguko dakika nne kabla, ila kwa kuwa nayo inatembea kulizunguka jua, inabidi ijizungushe kidogo zaidi ili ilikute. Ukiweka 24 kamili, satelaiti inateleza magharibi karibu digrii moja kila siku. Baada ya wiki mteja anampigia mjomba simu ya matusi.

Tukafungua ramani. Nikakimbiza muda. Siku moja, mbili, tano. Kidoto hakisogei. Kimesimama tuli... juu ya Gabon.

Kimya.

"Gabon si mbaya," mjomba akasema, kwa sauti ya kitaalamu kabisa. "Digrii 12? Dishi nalilaza magharibi kidogo, kwenye sitini na kitu hivi. Picha utapata." Hilo analijua bila programu. Za digrii 7 anazifunga kila siku.

Lakini mimi niliitaka juu ya Bariadi. Nikaona rahisi, Bariadi iko mashariki ya Gabon, niongeze mwendo niikimbilie. Nikakanyaga mbele kidogo. Kidoto kikaanza kurudi nyuma, kinaelekea Atlantiki! Nikakanyaga tena. Kikazidi kurudi.

Binti akacheka. Wiki tatu sijamsikia akicheka.

"Kaka, unaipandisha. Wewe si ndiye uliyesema mwezi unachelewa kwa sababu uko mbali? Ukitaka kuwahi, shika breki. Itashuka, ikishuka itawahi."

Nikamtazama. Nikarudi pale nilipohifadhi, nikampisha kiti. Akachukua karatasi ya fotokopi iliyoharibika, akaandika nyuma yake. Kutoka 12 mpaka 34 ni digrii 22. Tufanye kwa mizunguko minne, kila mmoja digrii tano na nusu. Digrii tano na nusu kati ya 360, mara masaa 23 na dakika 56, ni dakika 22. Kwa hiyo mzunguko uwe masaa 23 na dakika 34, mara nne, halafu urudishwe. Akauliza kitufe cha breki ni kipi. Akakibonyeza kwa kidole kimoja, kama anajaribu pasi kama imepata moto.

Siku nne za angani ni dakika sita za steshenari. Hakuna aliyeongea. Kidoto kikatoka Gabon, kikavuka Kongo, kikaingia ziwani kwetu. Akarudisha mwendo. Kikasimama, digrii 34, pale ikweta inapokata Ziwa Viktoria.

Mjomba akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Thelathini na nne ni utosini kabisa," akasema. "Hapo dishi litalala chali kama sahani. Mvua za masika zikija, nani atakuwa anapanda kumwaga maji?"

Karatasi ile binti aliikunja akaitia kwenye daftari la Fizikia. Juzi nimemkuta ameniandikia maswali kumi na moja ya usiku ujao, na mimi steshenari nadaiwa elfu kumi na moja na jero. Mhariri kama unasoma hapa, hela yangu ya mwezi huu nitumie mapema. Tuonane wiki ijayo.